Maswali na Majibu: Nani Amehesabu Gharama ya Kanuni Hii?

Barua tulizopokea mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zinahusu kazi tofauti, lakini nyingi zinauliza jambo moja: serikali inapotunga kanuni mpya, nani hukaa chini akahesabu itawagharimu nini wale watakaoifuata? Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wasomaji wengine pia.

Assalaam aleikum. Mimi ni nahodha na mwenye boti ya abiria kati ya Mokowe, upande wa bara, na mji wa Amu kisiwani Lamu. Tumesikia kuna rasimu ya kanuni itakayotaka kila kiti kiwe na jaketi ya kuokolea, boti ikaguliwe kila mwaka, na mwenyewe afunge safari hadi Mombasa kuchukua cheti. Ada iliyotajwa ni shilingi 4,000, na tunaambiwa kuwa si pesa nyingi. Sisi twaona mzigo ni mkubwa kuliko huo, ila hatujui kuueleza. Je, serikali inalazimika kuhesabu hasara yetu kabla ya kupitisha kanuni?
*Nahodha, Mokowe*

Wa aleikum salaam, nahodha. Inalazimika. Sheria ya Hati za Kisheria, ambayo ni sheria nambari 23 ya mwaka 2013, inasema katika kifungu cha 6 kwamba kanuni inayopendekezwa ikielekea kuitwika jamii, au sehemu ya jamii, gharama kubwa, basi mamlaka inayoitunga sharti iandae kwanza taarifa ya athari zake. Yashike sana hayo maneno “sehemu ya jamii”. Wenye boti za Lamu ni wachache mno ukiwalinganisha na Wakenya wote, na gharama yao ikigawanywa kwa nchi nzima haionekani kabisa. Lakini sheria haikutaka igawanywe hivyo. Wala haikutaja kiwango cha pesa. Nchini Marekani, kwa mfano, amri ya rais nambari 12866 ya mwaka 1993 iliweka kizingiti cha dola milioni 100 kwa mwaka kwa kanuni zinazohitaji uchambuzi kamili wa gharama na faida. Hapa kwetu neno ni “kubwa” tu, na kwa sababu hiyo ni haki yenu kujenga hoja kwamba gharama fulani ni kubwa kwenu hata kama si kubwa kwa Nairobi.

Kifungu cha 7 kinaeleza yatakiwayo kuwamo katika taarifa hiyo: lengo la kanuni, athari zake, njia nyingine ambazo zingeweza kufikia lengo lile lile, gharama na faida za kanuni pamoja na za hizo njia nyingine, na sababu za kuziacha. Tena sheria inafafanua kwamba gharama na faida zitazamwe kiuchumi, kimazingira na kijamii, na kwamba zihesabiwe pia gharama za kuisimamia kanuni na za kuifuata. Hapo kwenye gharama za kuifuata ndipo mlipo nyinyi, na ndipo rasimu nyingi zinapopita haraka.

Tufanye hesabu ya mfano, nawe uweke tarakimu zako za kweli mahali pa hizi zangu za kukisia. Tuseme boti ni ya abiria 10, jaketi moja ni shilingi 3,000 na hudumu miaka 5. Jaketi zote ni shilingi 30,000, yaani 6,000 kwa kila mwaka. Ada ya ukaguzi ni 4,000. Nauli ya kwenda na kurudi Mombasa pamoja na malazi ya usiku mmoja tuikadirie 4,000. Siku mbili boti imefungwa gatini, na kwa siku hubakiwa na 1,500 baada ya mafuta na ujira wa kijana wa kamba, hivyo umepoteza 3,000. Jumla ni shilingi 17,000 kwa mwaka. Ile ada wanayosema si nyingi haifiki hata robo ya gharama yote.

Lakini hesabu ya haki haina budi kupunguza pia. Kanuni hudaiwa kile tu ilichoongeza juu ya hali ilivyokuwa. Ikiwa tayari una jaketi sita nzuri, kanuni imekuongezea nne, yaani 2,400 kwa mwaka badala ya 6,000, na jumla yako inashuka hadi 13,400. Nakusihi uyaandike hayo wewe mwenyewe kabla hujaulizwa, kwa sababu mwenye kuhesabu hata kinachompunguzia hoja husikilizwa zaidi anapodai kilichobaki.

Kuna tofauti nyingine ambayo wachumi huipa uzito na ambayo wengi wetu hatuizingatii. Zile 4,000 za ada zimetoka kwako zikaingia hazina ya serikali. Wewe umepungukiwa, lakini pesa ipo, na yaweza kulipia ukaguzi wenyewe. Zile siku mbili ulizokosa kazi hazikuingia mfuko wa mtu yeyote. Abiria wamekosa boti, wewe umekosa nauli, serikali haikupata kitu. Ndiyo maana mimi naona sehemu mbaya zaidi ya rasimu uliyoieleza ni safari ya Mombasa kuliko ada. Mkaguzi mmoja akija Amu kwa siku zilizotangazwa, mara moja au mbili kwa mwaka, nauli na malazi ya mtu mmoja yanachukua nafasi ya nauli na malazi ya manahodha wote. Hiyo ndiyo “njia nyingine” ambayo kifungu cha 7 kinaitaka mamlaka iipime, na kama imeikataa iseme kwa nini.

Tazama pia namna mzigo unavyomwelemea mdogo. Chukua boti ya abiria 20 ambayo hubakiwa na 3,000 kwa siku. Jaketi zake ni 12,000 kwa mwaka, ada ni ile ile 4,000, safari ni ile ile 4,000, na siku mbili zilizopotea ni 6,000. Jumla ni 26,000, ambayo ni shilingi 1,300 kwa kila kiti. Kwako ni 1,700 kwa kila kiti. Kanuni imewapa nyote amri moja, lakini imempa mwenye boti kubwa nafuu, na baada ya miaka michache wenye boti ndogo ndio watakaouza. Hilo ni badiliko la soko, na taarifa ya athari isiyolitaja haijakamilika.

Swali la nani hatimaye atalipa linategemea abiria ana hiari gani. Anayetoka Mokowe kwenda Hospitali ya King Fahd pale Amu hana daraja wala njia ya nchi kavu, kwa hiyo nauli ikipanda atalipa tu, au ataahirisha matibabu. Mtalii anayetaka kutembezwa machweo anaweza kukataa akarudi hotelini, kwa hiyo mwenye boti ya matembezi atabeba gharama mwenyewe. Waandishi wa kanuni wakiziweka boti hizi mbili katika fungu moja, watakosea kwa zote mbili.

Na faida nayo ihesabiwe, nahodha. Sitakuunga mkono ukitaka jaketi ziondolewe. Boti iliyojaa, bahari iliyochafuka upande wa Kiunga, na mtoto asiyejua kuogelea: maisha hayo yana thamani kubwa kuliko gharama yoyote niliyoiandika hapo juu. Unachopaswa kukipinga ni gharama isiyookoa mtu yeyote, na safari ya cheti haimwokoi mtu.

Ndugu Mhariri, mimi ni mama karanga hapa Malindi. Nanunua samaki wadogo kwa wavuvi, nakaanga na kuuza jioni. Sasa twaambiwa nyavu za matundu madogo zitapigwa marufuku siku 60 baada ya kanuni kutangazwa. Kwenye mkutano waliitwa wavuvi na wenye mashua. Sisi hatukuitwa kwa kuwa hatuna leseni ya uvuvi. Je, hasara yetu haihesabiwi?
*Mama karanga, Malindi*

Shikamoo, mama. Hasara yenu yapaswa kuhesabiwa, na kutokuwa na leseni si sababu ya kuachwa. Sheria inataja jamii au sehemu ya jamii. Haikutaja wenye leseni. Kinachotokea ni kwamba afisa anayeandaa taarifa huanza na orodha aliyo nayo ofisini, na orodha hiyo ni ya vyombo na wavuvi walioandikishwa. Asiyekuwa katika orodha ni kama hayupo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwonyesha mnyororo mzima: mvuvi, tajiri mwenye mashua na nyavu, mchuuzi wa baiskeli, muuza barafu, nyinyi mama karanga, muuza makaa na mafuta ya kupikia, na mwishoni ile familia inayonunua kipande cha samaki kwa pesa ndogo ipate kitoweo cha usiku.

Kanuni ya matundu ya nyavu ina shabaha ya kweli, nami sipendi tuifiche. Samaki akivuliwa kabla hajazaa hata mara moja, mwaka ujao wavuvi watarudi na mashua tupu, na nyinyi mtakuwa wa kwanza kukosa. Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, imetupa mfano wa jinsi faida na hasara za kanuni zinavyoangukia watu mbalimbali. Meli za kukokota nyavu za kuvulia kamba (prawns) zilisimamishwa huko mwaka 2006 baada ya mvutano mrefu na wavuvi wadogo waliolalamika kwamba nyavu zao zinakatwa na samaki wao wanazolewa pamoja na kamba. Zikaruhusiwa tena baada ya mpango wa usimamizi wa mwaka 2010 kuwekwa. Waliopoteza kwa marufuku ile walikuwa wenye meli na mabaharia wao na viwanda vya kamba. Waliopata walikuwa wavuvi wa mitumbwi na mashua. Jumla ya nchi nzima peke yake isingekuonyesha hayo.

Kwa upande wenu, gharama inakuja mapema na faida inakuja baadaye. Nyavu zikibadilishwa, kwa miezi ya kwanza samaki wadogo watapungua sokoni. Baadaye, mambo yakienda kama inavyotarajiwa, samaki watakuwa wengi na wakubwa. Hapa mchumi huuliza maswali mawili. Je, mwenye hasara ya leo anaweza kuingoja faida ya kesho? Mwenye mashua mbili anaweza kukopa. Anayenunua mafuta ya kupikia kwa pesa ya mauzo ya jana hawezi. Swali la pili ni kama mwenye hasara ya leo ndiye mwenye faida ya kesho. Samaki mkubwa mara nyingi ana mnunuzi wake, ambaye ni hoteli au mfanyabiashara wa Mombasa, naye hulipa bei ambayo mama karanga haifikii. Inawezekana kabisa bahari ikapona na kikaango chako kikabaki baridi. Taarifa inayosema “faida ni kubwa kuliko gharama” bila kuligusa hili imesema kweli nusu.

Kisha kuna msimu. Nyakati za kaskazi, takribani Novemba hadi Machi, bahari imetulia, mashua zinakwenda mbali na samaki ni wengi. Kusi ikivuma, takribani Aprili hadi Septemba, wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba, na hao samaki wadogo wa karibu ndio karibu pato lote. Zile siku 60 zikiangukia katikati ya kusi, hasara yenu ni ya kulala njaa. Zikiangukia mwanzo wa kaskazi, mvuvi ana nafasi ya kupata pesa ya nyavu mpya kwa samaki wa bahari kuu. Wastani wa mwaka mzima unazifanya nyakati hizi mbili zionekane sawa. Kuahirisha tarehe ya kuanza kwa miezi michache hakuigharimu serikali chochote cha maana, na pengine ndilo ombi lenye nguvu kuliko yote mnayoweza kulitoa.

Nakushauri wewe na wenzako mfungue daftari. Kila jioni andikeni samaki wamenunuliwa kwa shilingi ngapi, mafuta na makaa yamegharimu kiasi gani, mauzo ni kiasi gani, na kilichobaki ni nini. Wanawake ishirini wakiwa na kurasa za kaskazi na za kusi, tayari wana ushahidi ambao afisa wa uvuvi hana.

Mimi ni kijana wa chuo, Malindi. Nimesoma kuhusu kesi za mtambo wa makaa ya mawe na bandari ya Lamu. Je, tathmini ya athari iliyozungumzwa kule ndiyo hii hii ya kanuni?
*Mwanafunzi, Malindi*

Hapana, mwanangu, ingawa ni ndugu. Tathmini ya athari kwa mazingira inatokana na sheria ya mazingira ya mwaka 1999, nayo huhusu mradi: mtambo, bandari, barabara. Mwezi Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa Lamu, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu wafidiwe takribani shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Taarifa ya athari za kanuni huhusu amri yenyewe iliyoandikwa, hata kama hakuna jiwe litakalowekwa juu ya jiwe.

Ukitaka kuandika utafiti wako, tazama hiyo kesi ya 2018 kwa jicho la mhasibu: fidia ile ilidaiwa baada ya madhara kuanza. Taarifa ya athari imewekwa ili hesabu ifanyike wakati rasimu bado inafutika.

Nina nyumba ndogo ya wageni. Kaunti imependekeza katika mswada wake wa fedha kupandisha ada ya kibali. Naweza kutumia sheria hii?
*Mwenye nyumba ya wageni, Malindi*

Hapana, Sheria ya Hati za Kisheria ni ya kanuni, si ya miswada. Kwa mswada wa fedha wa kaunti, simama kwenye Katiba. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake za kutunga sheria, na kifungu cha 209 kinakataza kaunti kutoza kodi au ada kwa namna itakayodhuru sera za uchumi za taifa, au shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti. Hesabu yako, hata hivyo, ni ile ile niliyompa nahodha, ila wewe igawanye kwa vyumba vilivyolaliwa badala ya vyumba ulivyo navyo. Mwezi wa Mei, Malindi ina vyumba vingi vitupu, na kibali hakipungui kwa sababu mgeni hakuja.

Sisi ni wakazi wa Kizingitini. Tangazo huwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwa Kiingereza, na muda ni mfupi. Tukipata habari, muda umekwisha. Tufanyeje?
*Wanakikundi, Kizingitini*

Manung'uniko yenu ni ya haki na sheria iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Hati za Kisheria kinataka tangazo la taarifa ya athari liwekwe katika Gazeti Rasmi na pia katika gazeti linaloelekea kusomwa na watakaoguswa zaidi, na kuwe na siku zisizopungua 14 za kupokea maoni. Tena, kanuni ikielekea kuligusa sana kundi fulani la watu, tangazo litolewe kwa njia itakayoliwezesha kundi hilo kuelewa lengo na yaliyomo. Kwa wavuvi wa Kizingitini njia hiyo haiwezi kuwa ukurasa wa Kiingereza uliochapishwa Nairobi. Ni Kiswahili, ni redio, ni mkutano penye bandari yenu wakati mashua zimerudi. Semeni hivyo kwa maandishi, mkitaja kifungu.

Siku ile ile mnayopata habari, andikeni kuomba nakala ya rasimu na ya taarifa ya athari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Mnaona wenyewe kwamba 21 ni nyingi kuliko 14. Kwa hiyo msingoje jibu ndipo mtoe maoni. Tumeni maoni kwa mliyo nayo, na mtaje ndani yake kwamba mmeomba nyaraka na bado hamjapewa. Ofisi ikinyamaza, lalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala.

Katika barua, theluthi moja ya karatasi inatosha kusema ninyi ni nani na mnafanya kazi gani. Sehemu kubwa iwe tarakimu: kikundi kina vyombo vingapi, kila chombo kitatumia nini kipya, siku ngapi za kazi zitapotea, na nani ataacha kazi kabisa. Malizeni kwa njia nyingine mnayoipendekeza pamoja na gharama yake. Barua nyingi nilizozisoma katika mambo haya zimejaa uchungu wa kweli lakini hazina tarakimu hata moja, na mtunga kanuni huzijibu kwa sentensi moja kwamba maoni yamezingatiwa. Mahakama ya Juu, katika kesi ya mwaka 2019 kuhusu kanuni za kudhibiti tumbaku, ilisema kwamba ushirikishwaji wa umma lazima uwe wa kweli na si wa kutimiza desturi, ingawa mamlaka hailazimiki kukubali kila oni. Ndiyo maana oni lenu lazima liwe gumu kulipuuza.

Kanuni ikishatangazwa bado kuna mlango. Inapaswa kuwasilishwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu kuchapishwa, na isipowasilishwa inakoma kuwa na nguvu. Kamati ya Bunge inayochunguza sheria ndogo huitazama, na inaweza kupendekeza ibatilishwe yote au sehemu yake. Mojawapo ya mambo ambayo kamati hiyo itataka kujua ni kama watakaoguswa walishauriwa. Hapo ndipo barua yenu ya zile siku 14 itakapohitajika, kwa hiyo mkiipeleka ofisini nendeni na nakala mbili, na mumwombe karani agonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye ile mtakayorudi nayo.